Kioo Kizima, Rangi Zimepauka

Picha ya harusi imefunguliwa kwenye laptopu: kitenge chekundu kimekuwa cha waridi na suti nyeusi ni ya kijivu. Wengi huamua papo hapo kwamba kioo kimekufa, wakampelekea fundi pesa ambayo haikuhitajika. Mara nyingi kioo ni kizima, na rangi zimepotelea njiani.

Kompyuta huandika kila rangi kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Sufuri tatu ni weusi, 255 tatu ni weupe. Video za televisheni zina desturi nyingine: weusi wake ni 16, weupe 235. Laptopu iliyounganishwa na skrini ya nje kwa waya wa HDMI ikidhani inazungumza na televisheni, hutuma 16 badala ya 0. Skrini inayongoja 0 huionyesha 16 hiyo kama kijivu, na picha nzima hupoteza kina chake. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya kadi ya michoro na kuchagua RGB kamili, yaani ile ya 0 hadi 255. Haigharimu hata senti.

Ikiwa rangi hupauka pale tu unapochomoa chaji, chunguza mipangilio ya betri. Intel na AMD wana teknolojia inayopunguza mwanga ulio nyuma ya kioo, kisha kuing'arisha picha yenyewe ili kufidia. Izime. Katika Windows, jaribu pia kuzima HDR, hali ya kuonyesha mwanga na giza kwa upana zaidi, kwa kubonyeza Windows, Alt na B kwa pamoja. Kwenye kioo chenye mwanga hafifu, HDR huchujusha picha za kawaida.

Kisha kuna kioo chenyewe. Laptopu nyingi za bei nafuu zimetumia kioo cha aina ya TN, ambamo fuwele za kimiminika husokota mwanga unaopita kati ya vichujio viwili. Msokoto huo hubadilika kulingana na pembe ya jicho, kwa hiyo rekebisha kwanza mlalo wa kioo mpaka kikutazame usoni. Vingi vya vioo hivyo vina ngazi 64 tu kwa kila rangi, yaani rangi 262,144, ilhali ngazi 256 huzaa zaidi ya milioni 16. Tena havifikii upana wa rangi wa sRGB, kipimo kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996.

Hapo programu haiwezi kusaidia, na inaniuma kuona watu wakishauriwa kuongeza ukolezi wa rangi mpaka mwisho. Nyekundu zilizokaribiana huungana kuwa moja, na mikunjo ya kitenge hutoweka. Anayehariri picha za wateja kwa laptopu ya namna hiyo ni bora aunganishe skrini ya nje ya aina ya IPS, ambayo rangi zake hazibadiliki sana kwa pembe ya jicho, inayokaribia asilimia 100 ya sRGB, na rangi aziamulie huko.