Kompyuta ya Michezo Inapozeeka: Ipimwe Kabla ya Kutibiwa

Mgonjwa anayefika kliniki akilalamikia uchovu hapewi dawa kabla ya kuhojiwa na kupimwa. Uchovu huweza kutokana na upungufu wa damu, kisukari, sonona au usingizi hafifu, na kila sababu ina tiba yake. Kompyuta ya michezo iliyotumika miaka sita au saba inastahili utaratibu huohuo. Picha zikianza kukwama katikati ya mchezo, kijana hukimbilia kuomba mashine mpya. Katika kaya nyingi, bei ya kadi moja ya michoro hushindana na ada ya shule, kodi ya nyumba au mchango wa bima ya afya. Kwa hiyo ni vema uchunguzi utangulie manunuzi.

Dalili na vipimo

Kipimo cha kwanza ni joto. Vumbi likijaa kwenye feni na vipozi, joto hukosa pa kutokea, na kichakataji hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue. Mashine inayocheza vizuri kwa dakika kumi kisha ikaanza kukwama huku feni zikivuma huelekeza kwenye tatizo hili. Izimwe, ichomolewe kwenye umeme, ipulizwe vumbi, na ikibidi fundi abadilishe krimu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya kichakataji. Gharama yake ni ndogo, na mara nyingine tiba huishia hapo.

Kipimo cha pili huonyesha kiungo kilichochoka. Wachezaji wengi hulenga fremu 60 kwa sekunde, maana yake kila fremu iandaliwe ndani ya milisekunde 17 hivi. Mchezaji apunguze ukubwa wa picha katika mipangilio ya mchezo, kisha aangalie kasi. Ikipanda sana, kadi ya michoro ndiyo iliyoelemewa. Isipobadilika, kichakataji ndicho kinachoshukiwa. Mchezo ukichukua muda mrefu kufunguka lakini ukachezeka vizuri baadaye, huenda kasoro iko kwenye diski ya zamani inayozunguka. Kuibadilisha kwa diski ya SSD huharakisha ufunguaji, ingawa haiongezi fremu kwa kiasi kikubwa. Kumbukumbu ya GB 8 ikijaa kila mara mchezo unapoendelea, kuifikisha GB 16 huweza kutosha.

Lini ibadilishwe yote

Kubadilisha kiungo kimoja kuna maana endapo vingine bado vina nguvu. Hali hubadilika pale kadi mpya inapodai kisambaza umeme kikubwa zaidi, kichakataji cha zamani kinaposhindwa kwenda nayo sambamba, na kichakataji kipya kinapokataa kukaa kwenye ubao mkuu uliopo. Jumla ya vipuri inapokaribia bei ya mashine nzima, kuendelea kukarabati ni kupoteza fedha.

Sababu nyingine haihusu kasi. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, ikaacha muda wa nyongeza wa marekebisho ya usalama kwa waliojiandikisha. Windows 11 hudai kichakataji kilichoidhinishwa na moduli ya usalama ya TPM 2.0, ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine isiyopokea marekebisho huacha mianya ambayo wahalifu wanaifahamu. Kwa mhudumu wa afya anayecheza usiku na kutumia kompyuta hiyohiyo kufungua barua pepe za kazini, hatari hiyo humfikia hata mgonjwa ambaye hajawahi kugusa mchezo wowote. Vilevile, kabla kompyuta ya zamani haijauzwa au kugawiwa, diski yake isafishwe kwa programu maalumu, kwa kuwa faili iliyofutwa kwa njia ya kawaida huweza kurejeshwa.

Mchezaji naye aangaliwe

Baadhi ya malalamiko hayatibiwi na kifaa kipya. Mtu anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka, kuwasha na kuona ukungu. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mbali mita 6 kwa sekunde 20. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mtu mzima saa 7 au zaidi. Anayelala saa nne hujibu polepole mchezoni, kisha huilaumu mashine.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuupa mchezo kipaumbele kuliko shughuli nyingine za maisha, na kuendelea kucheza licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Wachezaji walio wengi hawana ugonjwa huu, na kupenda mchezo si dalili.

Kabla ya kwenda dukani, familia inaweza kuandika mambo matatu kwa wiki moja: mashine hukwama lini, kipimo gani kimefanyika, na mchezaji amelala saa ngapi. Karatasi hiyo itamsaidia fundi. Ikiwa safu ya usingizi ndiyo yenye tarakimu ndogo kila siku, basi ipelekwe kwanza kwa daktari.