Macho ya Wavu na Pikseli za Picha

Resolusheni, yaani wingi wa maelezo ambayo picha huweza kuyaonyesha katika eneo fulani la karatasi, haikai ndani ya picha peke yake, bali ni uhusiano kati ya idadi ya pikseli, ambazo ni miraba midogo ya rangi inayoiunda picha ya kidijitali, na urefu wa karatasi ambayo miraba hiyo itatandazwa juu yake. Uhusiano huo husahaulika hasa pale picha inapohamishwa kutoka programu moja ya usanifu kwenda nyingine, na katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac na Kabonga iliyo mpakani na Tanzania, kuhama huko ni jambo la kawaida, kwa kuwa picha ya lebo ya mawese au ya bango la mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, inaweza kupigwa kwa simu mahali pamoja, ikapangwa kwa kompyuta mahali pengine, kisha ikachapwa Bujumbura au Kigoma.

Mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, hahitaji kufundishwa kanuni ya msingi ya jambo hili, kwa sababu anajua kwamba wavu ukivutwa ili ufunike eneo kubwa zaidi hauongezeki nyuzi, bali macho yake hupanuka na samaki wadogo hupenya. Pikseli nazo ndivyo zilivyo. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000, ikichapwa kwa pikseli 300 katika kila inchi, ambayo ni sentimeta 2.54, hufikia upana wa sentimeta 33.9 na kimo cha sentimeta 25.4, hivyo inatosha kuujaza ukurasa wa A4, ambao huhitaji pikseli 3508 kwa 2480. Picha hiyohiyo ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi hadi takriban pikseli 1600 upande wake mrefu, na kuanzia hapo haiwezi kuvuka sentimeta 13.5 kwa ubora uleule. Ikilazimishwa kuujaza urefu wa A4, kila inchi hubaki na pikseli 137 tu. Programu inayoikuza hukisia rangi za pikseli mpya kutokana na zile za jirani, lakini magamba ya samaki aina ya mukeke, ambaye upande wa Kigoma huitwa mgebuka, hayawezi kurudi kwa kukisia.

Kiwango cha 300 nacho hakikuanguka kutoka mbinguni. Mtambo wa chapa hauwezi kupaka wino wa kijivu, kwa hiyo hupanga nukta nyeusi, kubwa kwa ndogo, ambazo jicho huzichanganya likaona kijivu. Mbinu hiyo ilipata umbo lake la kibiashara Ulaya baada ya Mjerumani Georg Meisenbach kupewa hataza mwaka 1882. Majarida ya karatasi laini huchapwa kwa mistari ya nukta ipatayo 150 katika kila inchi, na wachapaji wamezoea kuupa kila mstari pikseli mbili, ndipo 300 ikapatikana. Jicho lenyewe linakaribiana na hesabu hiyo, kwa sababu jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya nyuzi, ambayo kwa umbali wa sentimeta 30 ni karibu milimeta 0.09, yaani nukta zipatazo 290 katika inchi. Umbali ukiwa meta 3, nukta 29 zinatosha, na ndiyo maana picha ya simu iliyoishia sentimeta 34 kwa pikseli 300 inaweza kulijaza bango la barabarani lenye upana wa meta 3 bila kumkera mpita njia. Anayedai 300 kwa kila kazi amekariri nambari bila kujua ilikotoka.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea njiani. Mchoro unaonakiliwa katika programu moja na kubandikwa katika nyingine unaweza kubeba nakala iliyokusudiwa kioo cha kompyuta tu, huku faili asilia ikibaki nyuma, na mtu anayetazama kioo haoni tofauti yoyote. Bango linaloandaliwa katika PowerPoint na kuhifadhiwa kama picha bila mpangilio kubadilishwa hutoka na pikseli 1280 kwa 720, ambazo zikitandazwa juu ya urefu wa A3 hubakiza 77 katika kila inchi. Hata PDF haisalimiki, maana mpangilio wa Adobe wa faili ndogo kabisa hushusha picha za rangi zinazozidi pikseli 150 kwa inchi hadi 100, wakati ule wa uchapaji bora huanza kupunguza zile zinazozidi 450 na kuziacha kwenye 300.

Michoro ya vekta, inayohifadhi mistari kama hesabu badala ya miraba, hukuzwa bila kufifia, lakini nayo ina mtego wake, ambao ni kipimo. Programu ya usanifu ya Illustrator huigawa inchi katika vizio 72, ilhali ile ya Inkscape huigawa katika 96, na kabla ya toleo la 0.92 la mwaka 2017 iliigawa katika 90. Faili ya vekta ya SVG isiyotaja sentimeta, ikitoka Illustrator na kufunguliwa katika Inkscape, huugeuza mstari wa sentimeta 10 kuwa wa sentimeta 7.5, ukiwa safi na wenye kingo kali, kiasi kwamba hakuna dalili ya kumshtua mtu. Kosa hilo lina uzito ziwani, kwani Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003, na uhifadhi wa aina hiyo hutegemea vipimo. Ikiwa bango la mwaloni lina mchoro wa rula au wa jicho la wavu ili mvuvi alinganishe nao chombo chake, kupungua kwa robo nzima kunamfundisha uongo mtu ambaye hana sababu ya kulishuku.

Lebo ina hatari inayofanana na hiyo. Msimbo wa mistari wa EAN-13, unaosomwa na mashine dukani, una mstari mwembamba kabisa wa milimeta 0.33 kwa ukubwa wake wa kawaida, ilhali pikseli moja ya picha ya 72 kwa inchi ina upana wa milimeta 0.35. Mstari ulio mwembamba kuliko pikseli hauwezi kuchorwa kwa usahihi kwa pikseli hiyo. Bidhaa iliyovuka mpaka wa Kabonga ikiwa na msimbo wa namna hiyo inaweza kukataliwa na mashine ingawa macho ya mwuzaji yanaiona lebo kuwa nzuri. Misimbo, nembo na maandishi yanapaswa kubaki vekta tangu mwanzo hadi mtamboni, na picha za kamera pekee ndizo ziachwe katika pikseli.

Basi anayepeleka kazi kuchapwa aitume picha kama hati, si kama picha ya mazungumzo, aiingize faili yenyewe katika programu badala ya kuinakili na kuibandika, na agawanye idadi ya pikseli kwa inchi za karatasi kabla ya kulipa. Pembeni mwa kila bango achore mstari wa sentimeta 10, na nakala ya kwanza ikitoka mtamboni aupime kwa rula kabla ya kuruhusu nyingine zichapwe.