Kongosho Likivimba kwa Mtu Mnene

Nyuma ya tumbo lako la chakula kuna kiungo laini kiitwacho kongosho. Hutengeneza maji ya kusaga chakula, na hutoa insulini inayopunguza sukari katika damu. Maji hayo ni makali. Yakizuiwa yasitoke, huanza kulisaga kongosho lenyewe. Hapo mtu hushikwa ghafla na maumivu makali juu ya kitovu, yakichoma hadi mgongoni, na hutapika bila kupata nafuu. Vyanzo vikubwa ni vijiwe vya mfuko wa nyongo na pombe, gongo ikiwemo.

Wagonjwa wengi, kama wanne katika kila watano, hupona baada ya siku chache. Mtu mnene ana hatari zaidi. Kwa nini? Mafuta hayakai chini ya ngozi tu, bali hujaa pia ndani ya kitambi, yakalizunguka kongosho. Maji makali yakivuja huyayeyusha mafuta hayo, yakawa sumu. Sumu huingia katika damu, ikaumiza mapafu na figo. Tena kitambi husukuma mapafu kutoka chini, mgonjwa akahema kwa shida. Mapafu au figo zikishindwa kazi kwa zaidi ya saa 48, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali sana, na wengi wa namna hiyo hufa. Isitoshe, wanene ndio wapatao vijiwe vya nyongo kwa urahisi, hasa akina mama.

Hapa Ngara na Biharamulo si rahisi kumwambia mtu apunguze mwili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na tangu hapo aliyekonda hunong'onwa. Kitambi kikawa cheti cha afya! Mimi naona cheti hicho ni cha uongo.

Jipime. Chukua uzito wako kwa kilo, gawa kwa urefu wako kwa mita, kisha gawa tena kwa urefu huo huo. Mwenye kilo 80 na mita 1.60 hupata 31. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Ukipunguza, punguza polepole, maana kukonda haraka nako huleta vijiwe.

Maumivu hayo yakikushika, usinywe dawa za kienyeji wala usingoje kukuche. Nenda zahanati, uwekewe maji ya mshipa, kisha upelekwe hospitali, iwe Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga au Biharamulo. Njiani mgonjwa akae ameinama mbele kidogo. Kulala chali huongeza maumivu.