Lupusi: Jinsi Ugonjwa wa Kinga Kujishambulia Unavyotambuliwa

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Methali hiyo yafaa kueleza kundi la magonjwa ambamo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe na kuushambulia. Katika makala hii tutachukua mfano mmoja, yaani lupusi, tuone jinsi daktari anavyofikia kuutambua. Katika kila wagonjwa 10 wa lupusi, takriban 9 ni wanawake, na wengi wao wamo katika umri wa kuzaa.

Ugumu wa kwanza umo katika dalili. Lupusi huleta homa, uchovu, maumivu ya viungo, vidonda vya kinywani na kunyonyoka kwa nywele. Penye malaria na kifua kikuu, dalili hizo huelekeza fikira kwanza kwenye maradhi hayo; na ni haki kuanza huko, mradi tusiishie huko. Upo pia upele wa mashavuni na puani, wenye umbo la kipepeo. Vitabu vingi huuita mwekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi huweza kuonekana kama weusi uliozidi, au rangi ya zambarau. Hapa neno lenyewe laweza kumpoteza mchunguzi: atafutaye wekundu hataona kitu.

Ugumu wa pili umo katika maabara. Mwaka 1948, Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza chembe nyeupe ya damu iliyomeza kiini cha chembe nyingine. Baadaye ilifahamika kwamba kisababishi ni kingamwili zinazoshambulia viini vya chembe. Siku hizi kingamwili hizo hutafutwa hivi: seramu ya mgonjwa huzimuliwa, ikamwagwa juu ya chembe zilizotandazwa kwenye kioo, kisha hutiwa dawa yenye kung'aa. Kingamwili zikiwapo, viini hung'aa chini ya hadubini.

Lakini kung'aa huko si hukumu. Kipimo kisipoonyesha kitu, lupusi haielekei kuwapo. Kikionyesha, bado hakijathibitisha, kwa kuwa hata watu wazima wa afya, na wenye maambukizo mengine, huweza kuwa na kingamwili hizo. Ndiyo maana daktari hutafuta kingamwili mahususi zaidi, hupima protini katika mkojo, na pengine huchukua kipande kidogo cha figo ili kichunguzwe.

Mwaka 2019, vyama vya wataalamu wa Ulaya na Marekani vilitoa vigezo vipya. Kwanza, kingamwili za viini ziwe zimeonekana angalau mara moja katika seramu iliyozimuliwa mara 80 au zaidi. Kisha kila dalili hupewa alama zake, na jumla ifike 10. Vigezo hivyo viliwekwa hasa kwa ajili ya utafiti. Kando ya kitanda cha mgonjwa ni mwongozo tu.

Kosa lina gharama pande zote mbili. Anayetibiwa malaria mara kwa mara bila kupimwa mkojo aweza kupoteza figo zake pasipo kuhisi maumivu. Naye anayepewa dawa za kupunguza kinga bila sababu hufunguliwa mlango wa kifua kikuu. Basi shahidi mmoja hatoshi: maelezo ya mgonjwa, mwili wake, maabara na muda, vyote vipaswa kusikilizwa pamoja.