Shinikizo la Damu Wakati wa Mimba: Onyo la Miaka Mingi

Kila mama mjamzito afikapo kliniki hupimwa shinikizo la damu, na mkojo wake huchunguzwa. Vipimo hivi huchukua dakika chache, na wengi huviona kuwa ni desturi tu. Katika makala haya tutaeleza vinatafuta nini, na kwa nini matokeo yake hayafai kusahauliwa mtoto akishazaliwa.

Kwa kawaida, mimba inapokua, mishipa ya mji wa mimba inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma hupanuka. Kwa baadhi ya wanawake haipanuki ipasavyo. Kondo hilo, likikosa damu ya kutosha, hutoa kemikali zinazoingia katika damu ya mama na kudhuru utando wa ndani wa mishipa yake mwilini kote. Baada ya juma la 20 la mimba, shinikizo hufikia milimita 140 za zebaki moyo unaposukuma damu, au 90 unapopumzika, ama hupita hapo. Na mara nyingi figo hupitisha protini katika mkojo. Mama huenda asihisi lolote, na ndiyo maana hapana budi apimwe.

Hali hiyo ikizidi, mwili hutikisika kwa nguvu na mama hupoteza fahamu. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Jina hili lisitupotoshe: si ugonjwa wa kifafa tuujuao, wala si kazi ya mashetani.

Kinga yake ni chumvi ya bei nafuu iitwayo magneziamu salfeti. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 33 kwa wanawake wapatao 10,000 waliokuwa na dalili za hatari. Miongoni mwa waliopewa dawa hiyo, 8 katika kila 1,000 walipatwa na kifafa cha mimba. Miongoni mwa waliopewa maji yasiyo na dawa, 19. Hata hivyo, chumvi hii huzuia kifafa tu. Chanzo huondoka kondo linapotoka.

Je, mama huyo amepona? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, ukijumlisha tafiti za wanawake zaidi ya milioni 3, ulionyesha kwamba waliowahi kupata hali hii walikabiliwa na hatari ya shinikizo la damu la kudumu karibu mara nne kuliko wenzao, na ya maradhi ya moyo mara mbili.

Hapa ndipo huduma zetu hupungukiwa. Baada ya kujifungua, macho yote humwelekea mtoto. Kadi ya mama huwekwa sandukuni. Dalili ya mvua ni mawingu. Mama aliyepata onyo hili apimwe shinikizo kila mwaka, na kila amwonapo mganga amweleze habari za mimba yake, hata ikiwa mtoto huyo sasa yuko sekondari.