Je, Wajua? Kabla Hujahama Tecno, Samsung au iPhone

Je, wajua kwamba ukitoka Tecno ukaingia Infinix hujahama popote? Umebadili chumba tu ndani ya nyumba ileile. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China, na zikiharibika hupelekwa vituo vilevile vya Carlcare. Hata oraimo, jina unalolikuta kwenye chaja na spika kila kona, ni la familia hiyo. Anayeapa kwamba Tecno imemchosha na sasa anakwenda Infinix, pesa yake inaingia mfuko uleule.

Je, wajua kwamba Transsion hiyohiyo, pamoja na kuwa ya China, haikujijenga kwa kuwauzia Wachina? Ilijijenga Afrika, na mwaka 2011 ikaanza kuunganisha simu Ethiopia. Iliona mapema mambo mawili ambayo wakubwa waliyapuuza: watu wa huku wana laini zaidi ya moja, na kamera nyingi za wakati ule zilimpiga mtu mweusi picha akatoka kama kivuli. Ikaleta simu za laini mbili na kamera zilizorekebishwa kwa ngozi nyeusi. Google nao walikuja kulitangaza jambo hilo kwa kishindo mwaka 2021, walipotoa Pixel 6 na kitu walichokiita Real Tone.

Redmi na Poco? Zimetoka kwa Xiaomi. Oppo, Vivo, Realme na OnePlus? Asili yao ni BBK, kampuni nyingine ya China. Honor ilikuwa ya Huawei hadi ilipouzwa Novemba 2020.

Je, wajua kwamba unaweza kuikimbia Samsung kwa sababu ya vioo vyake, ukanunua iPhone yenye kioo cha Samsung? Tangu iPhone X ya mwaka 2017, Samsung imekuwa ikiiuzia Apple vioo vya OLED. Upande wa kamera, Desemba 2022 Tim Cook, mkuu wa Apple, alisema waziwazi akiwa Japani kwamba wanashirikiana na Sony kwenye sensa za iPhone. Hawa mahasimu wa matangazo ya biashara ni wateja wa kila siku wa wenzao.

Kwa hiyo mpaka wa kweli haupo kati ya jina na jina. Upo kati ya Android na iPhone. Ndani ya Android, kuhama ni kazi ya jioni moja: unaingiza akaunti yako ya Gmail kwenye simu mpya, namba za watu zinashuka, kalenda inashuka, programu zinajipakua zenyewe. Sharti ni kwamba namba ziwe zimehifadhiwa kwenye hiyo akaunti, si kwenye laini wala kwenye simu peke yake. Wengi hulijua hilo siku simu inapoibiwa. Hata WhatsApp, tangu 2023, inaruhusu mazungumzo yahame kati ya Android mbili kwa kuskani msimbo tu, simu zikiwa zimelala meza moja.

Ukivuka mpaka, hapo ndipo watu hulia. Na hawalilii picha.

Je, wajua kwamba WhatsApp ya Android huweka nakala ya mazungumzo Google Drive, ya iPhone huiweka iCloud, na nakala ya upande mmoja haifunguki upande wa pili? Hadi 2021 hapakuwa na njia rasmi yoyote. Agosti mwaka huo ndipo ilipotangazwa njia ya kutoka iPhone kwenda Samsung kwa kutumia waya. Juni 2022 ikaja ya kutoka Android kwenda iPhone, kupitia programu ya Apple iitwayo Move to iOS. Lakini ina sharti gumu: hiyo iPhone lazima iwe haijaanza kutumika, au ifutwe irudi kama ilivyotoka kiwandani. Muuzaji akishakuwekea akaunti dukani ili “akusaidie”, ukatembea nayo siku mbili, basi vikao vya harusi, risiti za wateja na sauti za marehemu bibi zimebaki kule ulikotoka, hadi ukubali kuifuta iPhone yote na kuanza upya. Ukiwa Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo na kijana akakuuliza, “Nikuwekee kila kitu, bosi?”, mshukuru, mwambie utaweka mwenyewe nyumbani. Kuikagua ikague hapohapo. Akaunti ndiyo isiingizwe.

Je, wajua kwamba unaweza kuonja kabla ya kuhama? Tangu Aprili 2023 akaunti moja ya WhatsApp huunganishwa na vifaa vinne vya ziada, simu zikiwemo. Ukiazimwa simu ya aina unayoitamani, iunganishe na namba yako, ishi nayo wiki moja. Utajua kama ni mapenzi au ni macho tu.

Tuje kwenye laini, maana hapa kuna mtego mpya ambao bado haujazoeleka vijiweni. Je, wajua kwamba iPhone 14 na zilizofuata, zikiwa zimetengenezwa kwa soko la Marekani, hazina tundu la laini kabisa? Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini isiyoshikika, inayosajiliwa ndani ya simu. Mwaka 2025 Apple ikapanua orodha: iPhone 17 zinazouzwa Oman, Saudia, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait na Bahrain nazo hazina tundu. Mwenye shangazi Muscat au kaka Dubai alisikie hili kabla zawadi haijapanda ndege. Si kwamba haitafanya kazi. Mitandao mikubwa ya Kenya na Tanzania inatoa eSIM. Tatizo ni maisha yetu yalivyo: betri ikikata usiku huwezi kuchomoa laini ukaichomeka kwenye kitochi cha jirani, na simu ikivunjika kuhamisha namba kunaweza kukupeleka dukani kwa mtandao wako na kitambulisho mkononi. Kinyume chake, iPhone nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya China bara na Hong Kong hukubali laini mbili za kushikika. Mafundi wanaijua tofauti hiyo, na bei huifuata.

Je, wajua kwamba pesa yako ya M-Pesa haimo ndani ya simu? Imefungwa kwenye namba yako, na kumbukumbu zake ziko kwenye mitambo ya kampuni. Uwe na simu ya milioni mbili au kitochi, *150*00# Tanzania na *334# Kenya zinakufikisha palepale. Programu za benki ni jambo jingine: nyingi husajiliwa na simu maalumu, na ukibadili simu utaombwa kujithibitisha upya. Ndiyo maana si busara kuuza simu ya zamani siku hiyohiyo uliyonunua mpya.

Haraka haraka, mambo ambayo anayetoka Android kwenda iPhone huyakumbuka yakishakosekana: iPhone haijawahi kuwa na nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Haina redio ya FM, na mwaka 2017 Apple walieleza kwamba kuanzia iPhone 7 hata vifaa vya kunasia mawimbi hayo havimo, hivyo mpira wa redioni utausikiliza kwa bando. iCloud hukupa GB 5 za bure, Google GB 15. Kibodi ya Kiswahili ipo pande zote mbili, lakini Android inakupa menyu nzima kwa Kiswahili, wakati iPhone hadi iOS 18 ilikuwa haijafika huko. Kwa mtu anayemnunulia mzee wake simu, hilo la mwisho ni zito kuliko kamera.

Samsung wasicheke sana. Galaxy S21 ya mwaka 2021 nayo ilitupa nafasi ya kadi, na ikaja bila chaja kwenye boksi, miezi michache baada ya Apple kufanya hivyohivyo na iPhone 12.

Je, wajua kwamba suala la waya limekwisha, ila la chaja bado lipo? iPhone 15 ya Septemba 2023 iliachana na tundu la Lightning lililokuwapo tangu 2012, ikaingia USB-C, kwa msukumo wa sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Desemba 2024. Waya mmoja sasa unaingia karibu kila simu mpya. Lakini kuingia si kuchaji kwa kasi. Oppo, kwa mfano, wana teknolojia yao ya chaja ya haraka, na chaja hiyo inaweza kuichaji simu ya jina jingine kwa mwendo wa kawaida tu. Uliyezoea kujaza betri wakati unaoga, uliza kabla.

Je, wajua nani alipata hasara kubwa kwa kutohama? Mashabiki wa BlackBerry. Januari 4, 2022 kampuni ilizima huduma za mfumo wake wa zamani, na simu hizo zikakosa uhakika hata wa kupiga na kutuma ujumbe. LG walijitoa kwenye biashara ya simu mwaka 2021. Nokia, iliyokuwa mfalme wa kila mfuko hapa kwetu, iliuza kitengo chake cha simu kwa Microsoft mwaka 2014, na simu mpya zilizokuja baadaye kwa jina hilo zilitengenezwa na HMD. Na Huawei: Mei 2019 Marekani iliiwekea vikwazo, na tangu Mate 30 ya Septemba mwaka huo simu zake mpya hutoka bila huduma za Google. Kamera zake ni nzuri ajabu, lakini YouTube na Gmail za kawaida utazipata kwa kuzunguka. Simpi mtu ushauri wa kuinunua kama maisha yake yamo kwenye Gmail.

Je, wajua kwamba umri wa simu siku hizi huandikwa na kampuni kabla hujainunua? Google kwa Pixel 8 ya 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya 2024, waliahidi masasisho kwa miaka saba. Galaxy A16, simu ya bei ya kati, iliahidiwa sita. iPhone XR na XS za mwaka 2018 zilipokea iOS 18 mwaka 2024. Simu nyingi za bei nafuu hupata muda mfupi zaidi, na hapo ndipo tofauti ya bei inapojilipa au kukulipisha. Hili si anasa: tangu Mei 2025 WhatsApp inataka angalau iOS 15.1, kwa hiyo iPhone 6 imeachwa nyuma hata kama kioo chake kinang'aa.

Je, wajua kwamba Apple haina duka lake lenyewe hata moja barani Afrika? Yaliyo jirani nasi yako Falme za Kiarabu, ambako la kwanza lilifunguliwa Oktoba 2015. Huku tuna mawakala na mafundi, na kwa iPhone fundi ana mkono mmoja umefungwa: tangu iPhone 11, kioo kisichotambuliwa na Apple huleta onyo kwenye skrini. Simu ya Tecno au ya Samsung ya daraja la kati, kioo chake unaweza kukipata Luthuli Avenue, Nairobi, kabla ya chakula cha mchana.

Lakini iPhone ina ujanja wake wa kushikilia watu, na si bahati mbaya. Barua pepe zilizotolewa mahakamani mwaka 2021, katika kesi ya kampuni ya Epic dhidi ya Apple, zilionyesha kiongozi mmoja wa Apple akipinga mwaka 2013 wazo la kupeleka iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple, kwenye Android, kwa hoja kwamba lingewaondolea wazazi wenye iPhone kikwazo cha kuwanunulia watoto wao Android. Septemba 2022 mtu mmoja alimlalamikia Tim Cook mkutanoni kwamba hawezi kumtumia mama yake baadhi ya video. Cook akamjibu amnunulie mama yake iPhone. Kwetu, tunaoishi ndani ya WhatsApp, kamba hiyo haitubani sana. Anayeiacha iPhone lakini azime iMessage kabla ya kuchomoa laini, la sivyo ujumbe wa wenye iPhone unaweza kuendelea kwenda kule kusikofika.

Ukinunua ya mtumba, bonyeza *#06# uipate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Tanzania itume kwenda 15090 ujue kama ni halali. Hakikisha mwenye simu ametoa akaunti yake ya Apple au ya Google mbele ya macho yako, na uulize kama inadaiwa, kwa sababu simu za mkopo hufungwa kutoka mbali malipo yakisimama.

Hukumu yangu: kama uko Android na mazungumzo yako ya miaka yamo humo, baki Android, kisha chagua jina kwa kutazama miaka ya masasisho na umbali wa fundi. Kama moyo umeshaenda iPhone, nenda, ila ulizia tundu la laini kabla ya rangi, na hamisha WhatsApp kabla ya kitu kingine chochote. Simu ya zamani iache drooni kwa wiki mbili, ifute yote, halafu ndipo uiuze.