Aki, Tunda Lisilotaka Haraka

Magharibi ya Afrika, ng'ambo ya bahari kuu ya Atlantiki, kipo kisiwa kiitwacho Jamaika. Wengi wa watu wake ni vizazi vya Waafrika waliochukuliwa utumwani zamani. Huko kuna tunda liitwalo aki, nalo limewekwa kuwa tunda la taifa. Ni chakula kitamu chenye mafuta mengi, walakini likiliwa kabla ya wakati wake laweza kuua. Basi na tutazame jinsi tunda moja liwezavyo kuwa chakula na sumu pia, na jinsi watu wa Jamaika wanavyolitumia bila ya kudhurika.

Asili ya mti wa aki si Jamaika, bali ni Afrika ya Magharibi, katika nchi kama Ghana. Katika karne ya 18 ulivushwa bahari, na yamkini ulichukuliwa katika merikebu za watumwa. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza, jina lake William Bligh, alipeleka aki kutoka Jamaika mpaka bustani ya Kew huko London. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mimea waliuita mti huo kwa Kilatini Blighia sapida, ili nahodha huyo akumbukwe. Mti huu ni wa jamaa moja na mshokishoki tuujuao Unguja. Hukua kufika mita 10 au zaidi, na majani yake hayapukutiki yote kwa wakati mmoja.

Tunda lenyewe ni kadiri ya ngumi ya mtu. Likiwa changa ni la kijani. Likikomaa hugeuka kuwa jekundu, au la manjano yenye wekundu. Likiiva kabisa hupasuka lenyewe lingali mtini, likafunguka sehemu tatu, mfano wa mtu apigaye miayo. Ndani huonekana mbegu tatu nyeusi zing'aazo, na kila mbegu imekaa juu ya nyama laini ya rangi ya maziwa. Nyama hiyo tu ndiyo iliwayo. Ganda hutupwa. Mbegu nazo ni sumu siku zote, tunda liwe bichi au bivu.

Kanuni ya kwanza ni kungoja. Tunda lisilopasuka bado lina sumu nyingi katika nyama yake. Likipasuka na kukaa wazi mtini, sumu hiyo imekwisha kupungua sana. Mtu akilipasua kwa kisu au kwa vidole hapati faida, maana kulifungua tunda si kuliivisha. Rangi nyekundu peke yake haitoshi kuwa dalili. Dalili ya hakika ni kule kufunguka lenyewe.

Kanuni ya pili ni kusafisha. Mpishi huzitoa mbegu zote tatu, akazitupa mahali ambapo watoto hawatazichezea. Kisha huitazama nyama, akautoa utando mwekundu uliojificha katika mkunjo wake, halafu huiosha vema.

Kanuni ya tatu ni kuchemsha. Nyama hutiwa katika maji, ikachemshwa mpaka iwe laini, na maji yale humwagwa yote. Hayatumiwi kuwa mchuzi, kwa kuwa sumu ya aki huyeyuka katika maji.

Baada ya hayo huja mapishi yenyewe. Samaki wa chumvi huwa amekwisha kulowekwa ili chumvi ipungue, akachemshwa, akatolewa miiba na kuchambuliwa. Mpishi hukaanga vitunguu, nyanya na pilipili, akatia samaki, na mwisho kabisa akatia aki na kugeuza polepole, isije ikapondeka. Ikiisha kupikwa hufanana na mayai yaliyovurugwa. Chakula hiki chapendwa Jamaika kote, hasa asubuhi. Nacho kina habari ya zamani ndani yake: mti umetoka Afrika, na samaki wa chumvi aliletwa kutoka bahari za baridi za kaskazini, akapewa watumwa kwa kuwa alikuwa rahisi wala haozi upesi.

Sasa yafaa tujue ni kwa nini kanuni hizi hushikwa sana. Kwa muda wa miaka mingi ulikuwako Jamaika ugonjwa wa kutapika uliowaua watu wengi, hasa watoto wa maskini. Mtoto alitapika, akalegea, akashikwa na degedege, kisha akazimia. Na wengine walikufa kabla ya siku mbili kwisha. Mwaka 1916 daktari Henry Harold Scott alieleza ya kuwa sababu ni aki isiyoiva. Mwaka 1954 wataalamu walitangaza kwamba wameipata sumu yenyewe katika tunda.

Kazi ya sumu hiyo ni hii. Mwili wetu huweka akiba ya sukari katika ini. Akiba ikiisha, mwili hutengeneza sukari mpya, ukisaidiwa na nguvu itokayo katika mafuta yake. Sumu ya aki huizuia kazi hiyo, na sukari katika damu hupungua mpaka ubongo hauna chakula. Ndiyo maana mtoto mwenye njaa, ambaye akiba yake ni ndogo, hudhurika upesi kuliko mtu aliyeshiba. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwenye njaa ndiye ashindwaye kungoja. Mwaka 1998 huko Burkina Faso watoto wadogo 29 walikufa, na sababu iliyoonekana ni aki mbichi.

Kwa hofu ya sumu hii, Marekani ilikataza aki kuingizwa nchini mwake mwaka 1973. Mwaka 2000 ililegeza amri hiyo, ikaruhusu aki ya makopo itokayo katika viwanda vinavyoangaliwa vema.

Nasi katika Afrika ya Mashariki tunacho chakula cha namna hii, yaani muhogo mchungu. Mama zetu huumenya, huuloweka, huuanika na kuusaga, wala hawaruki hatua hata moja ijapokuwa nyumbani kuna njaa. Mtoto akiona kazi hiyo ni ndefu asidhani ya kuwa ni desturi tu. Kila hatua yapunguza sumu. Kadhalika akikuta porini tunda asilolijua, asilionje kwa sababu rangi yake yapendeza, bali aulize wazee kwanza. Wazee wetu walisema, mvumilivu hula mbivu. Mtu wa Jamaika asimamaye chini ya mti wa aki ayajua maneno hayo kwa maana yake halisi: akingoja, atakula, asipongoja, huenda asile tena.